Kufuli Mpya na Hofu ya Walimu Wetu

Muhula uliopita nilizuru shule moja ya upili viungani mwa mji wa Wote, na nilipokuwa katika chumba cha walimu nikisubiri chai ya saa nne, nilisikia mabishano ambayo hadi leo hayajanitoka akilini. Mwalimu mmoja wa makamo alikuwa amepata ilani katika simu yake kwamba programu ya WhatsApp aliyokuwa akiitumia imepitwa na wakati, na kwamba sharti aweke toleo jipya. Alikataa katakata. "Walimu wenzangu," alisema, "hili jipya ndilo la kutusomea barua zetu. Mimi nabaki na langu la zamani." Wenzake wawili watatu walitikisa vichwa kumuunga mkono. Mwalimu kijana aliyekuwa akisahihisha insha pembeni alimjibu kwa adabu, "Lakini Mwalimu, hilo la zamani ndilo lililoachwa mlango wazi." Chai ikaletwa, na mjadala ukafia hapo.

Kwangu mimi haukufa. Nilipozungumza na walimu hao baadaye niligundua kwamba mmoja wa wale waliotikisa vichwa hakuwa na WhatsApp yenyewe katika simu yake. Alikuwa na ile iitwayo GB WhatsApp, aliyowekewa na kijana wa duka la simu kwa shilingi hamsini. Aliipenda kwa sababu humwezesha kusoma ujumbe ambao mwenzake ameufuta, na kuficha kwamba yuko mtandaoni. Mtu huyu aliyeogopa toleo jipya lililotolewa na wenye programu alikuwa amekaribisha nyumbani kwake, bila kuuliza swali hata moja, toleo jipya lililotolewa na watu asiowajua kwa jina wala kwa sura. Ni kinaya hiki kilichonifanya nichukue kalamu.

Nianze na jambo lenyewe, maana wengi huliogopa kabla ya kulielewa. Programu ya kufumba ujumbe huchukua maneno uliyoandika na kuyageuza kuwa fumbo lisilosomeka, na fumbo hilo hufumbuliwa tu na yule mwenye ufunguo wake. Mfikirie mwendeshaji wa bodaboda aliyetumwa kupeleka sanduku lililofungwa kwa kufuli kutoka Kathonzweni hadi Makindu. Analibeba, anajua limetoka wapi na linaenda kwa nani, pengine hata anajua uzito wake, lakini ufunguo hana. Hivyo ndivyo WhatsApp imekuwa ikifanya tangu Aprili 2016, ilipotangaza kwamba ujumbe wote unaopitia kwake umefumbwa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kwa utaratibu uliobuniwa na wale waliotengeneza programu ya Signal. Kampuni inayobeba ujumbe haina ufunguo wa kuusoma. Hujua nani amemwandikia nani na saa ngapi, na hilo si jambo dogo, lakini yaliyomo ndani hayaoni.

Walimu wana mfano ulio karibu nao zaidi. Mnamo 2015 matokeo ya watahiniwa 5,101 wa KCSE yalifutwa kwa sababu ya udanganyifu, na mwaka uliofuata serikali ikabadilisha namna ya kulinda karatasi za mtihani. Tangu hapo karatasi huhifadhiwa katika makontena ya chuma yenye kufuli mbili, ufunguo mmoja ukiwa mikononi mwa naibu kamishna wa kaunti na wa pili kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Mwalimu mkuu wa Mutomo au wa Kibwezi hurauka alfajiri, husimama hapo na wenzake, na kufuli hufunguliwa mbele ya macho ya wote. Hakuna ambaye angeukubali utaratibu huo kwa kuambiwa tu kwamba kufuli ni imara. Tuliukubali kwa sababu tunaona unapofunguliwa, na kwa sababu hakuna mtu mmoja anayeweza kuufungua peke yake. Siku hizi Baraza la Mitihani limeanza kuleta kufuli za kidijitali katika baadhi ya makontena hayo, na tayari nimewasikia walimu wakuu wakiuliza ni nani mwingine anayeweza kuzifungua akiwa mbali. Swali hilo si la ukaidi hata kidogo. Linastahili jibu lililoandikwa, tena mapema, wala si baada ya mtihani kuvuja.

Turudi kwenye simu. Mnamo tarehe 4 Januari 2021, WhatsApp iliwatangazia watumiaji wake masharti mapya ya kutumia data zao, na kuwapa hadi tarehe 8 Februari kuyakubali au kuachana nayo. Zogo lililozuka halikuwa na mfano. Mamilioni ya watu duniani walihama kwa wiki moja, hata tarehe 15 mwezi huo mitambo ya Signal ikazidiwa na kuzima kwa muda. Kampuni ilisogeza tarehe yake hadi 15 Mei. Ukweli ni kwamba ufumbaji wa ujumbe baina ya mtu na mtu haukuguswa. Mabadiliko yalihusu zaidi mazungumzo na wafanyabiashara na namna ya kutumia habari zake. Lakini kampuni ilieleza jambo lake vibaya, tena kwa lugha ya amri, na mtu anayeamrishwa kukubali jambo asilolielewa ana haki ya kushuku. Siwalaumu waliohama. Ninachosikitikia ni kwamba wengi, wakiwemo walimu na wanafunzi wa vyuo niliowajua, walikimbilia Telegram wakidhani wamepata usalama zaidi, ilhali mazungumzo ya kawaida ya Telegram hayafumbwi kutoka mwisho hadi mwisho, na makundi yake hayafumbwi hivyo kabisa. Waliruka majivu wakakanyaga moto.

Hofu hii hulelewa na uvumi. Ni nani kati yetu ambaye hajapokea ule ujumbe usemao kwamba kuanzia kesho simu zote zitarekodiwa, kwamba alama tatu za tiki maana yake ni kwamba serikali imeusoma ujumbe wako, na kwamba usithubutu kuweka toleo jipya? Ujumbe huo umezunguka mataifa mengi kwa miaka mingi, ukibadilishwa jina la serikali tu. Hakuna alama ya tiki ya tatu. Hata hivyo nimeuona ukisambazwa katika kundi la walimu wa kaunti ndogo moja ya Kitui na mtu mwenye shahada mbili, akiongezea maneno "tahadhari jamani".

Je, toleo la zamani ni salama kwa kuwa tumelizoea? Mnamo Mei 2019, WhatsApp ilitangaza kwamba kasoro katika programu yake iliwawezesha watu kupenyeza katika simu programu ya ujasusi iliyoundwa na kampuni ya NSO Group ya Israeli. Njia iliyotumika ilikuwa ni kumpigia mtu simu tu, hata asipoipokea. Watu wapatao 1,400 walilengwa, wakiwemo wanahabari na watetezi wa haki za binadamu. Dawa ilikuwa moja: weka toleo jipya. Aliyeshikilia lake la zamani siku ile kwa kuogopa kusomewa barua zake ndiye aliyekuwa uchi.

Sitaki, hata hivyo, msomaji adhani kwamba nasema kila kilicho kipya kikumbatiwe. Iko historia inayowatetea wenye shaka, nayo inafaa kusimuliwa kwa kirefu. Palikuwa na programu iliyoitwa TrueCrypt, ya kufumba faili zilizomo ndani ya tarakilishi. Waliotumia tarakilishi za ofisi au kubeba siri za watu waliitegemea sana, ingawa waliounda programu hiyo hawakuwahi kujitaja kwa majina. Mnamo 2013 baadhi ya wataalamu walisema haiwezekani dunia itegemee kufuli ambayo hakuna aliyeikagua. Wakafanya harambee ya mtandaoni, fedha zikachangwa na watu wa kawaida, na ukaguzi ukaanza. Kisha, tarehe 28 Mei 2014, ukaguzi ukiwa bado unaendelea, wenye programu walitangaza ghafla kwamba TrueCrypt si salama tena. Walitoa toleo jipya, la 7.2, ambalo liliweza tu kufumbua yaliyofumbwa, bila kufumba lolote. Hawakutoa maelezo ya kuridhisha.

Watu walifanya nini? Wengi walilikataa lile jipya na kubaki na la 7.1a la mwaka 2012. Walikuwa na haki kabisa. Lile la zamani lilikuwa linakaguliwa mchana peupe, na hili jipya liliibuka usiku kama mgeni asiye na barua ya chifu. Ukaguzi ulipokamilika Aprili 2015, haukupata mlango wowote wa siri uliowekwa makusudi, ingawa ulipata dosari kadhaa. Wale waliokataa wakashangilia. Lakini hadithi haikwishia hapo. Septemba ya mwaka huo huo mtaalamu mmoja wa Google alivumbua makosa mawili mazito katika sehemu ya TrueCrypt inayotumika kwenye Windows, na kwa kuwa wenyewe walikwisha kuiacha, hapakuwa na wa kuyarekebisha. Waliookoka ni wale waliokuwa wamehamia VeraCrypt, programu iliyochipuka kutoka kwa ile ya kwanza chini ya Mounir Idrassi wa Ufaransa, kwa maana yeye aliyaziba makosa hayo katika toleo jipya mara moja. Basi waliolikataa toleo jipya mwaka 2014 walikuwa sahihi, na waliokaa na la zamani baada ya 2015 walikosea, na pengine ni watu wale wale.

Tukio la karibu zaidi ni la 2024. Programu ndogo iitwayo xz, ya kubana faili, imo ndani ya tarakilishi nyingi zinazoendesha mtandao. Mtu aliyejiita Jia Tan aliisaidia kazi hiyo kwa zaidi ya miaka miwili, kwa upole na bidii, hadi akaaminiwa. Ndipo akapenyeza katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 mlango wa siri ambao ungemwezesha kuingia katika mitambo iliyolindwa na programu ya kufumba mawasiliano. Aliyemnasa ni mhandisi Andres Freund, aliyegundua kwamba kuingia katika mtambo wake kulikuwa kunachelewa kwa nusu ya sekunde hivi, na badala ya kupuuza akachimbua. Alitoa habari hizo tarehe 29 Machi 2024, kabla ya matoleo hayo kuenea kote. Huyo hakuwa mkaguzi aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Alikuwa mtu mwenye mazoea ya kuuliza "mbona?", na kwa kuwa matini ya programu ile iko wazi kwa kila mtu, aliweza kujijibu.

Sisi wa Ukambani hatupaswi kuliona jambo hili kuwa geni. Mama anayechota maji katika Mto Tiva wakati wa kiangazi haoni maji, anaona mchanga. Ameamini kwamba yamo chini kwa sababu alikuwa katika mwethya uliojenga kizuizi, alibeba mawe, aliona jinsi mchanga ulivyojaa, na akichimba kwa mikono yake anapata. Imani yake ina miguu. Mabwawa ya mchanga ya Kitui na Makueni yamejengwa hivyo, na programu bora za kufumba ujumbe nazo hukaguliwa hivyo, na watu wengi wasiolipana, kila mmoja akiangalia jiwe aliloweka mwenzake. WhatsApp, niseme wazi, haijatuonyesha matini yake yote. Tunaamini utaratibu wake unaojulikana na uchunguzi wa wataalamu wa nje. Signal imefungua yake. Mtu mwenye siri nzito aipime tofauti hiyo.

Na hao wanaotengeneza GB WhatsApp na ndugu zake? Hawakufungua chochote, wala hatuwajui. Mnamo Oktoba 2022 kampuni ya usalama ya Kaspersky ilitangaza kwamba toleo moja la YoWhatsApp, ambayo ni ya ukoo huo huo, lilikuwa limebeba programu haribifu iliyoweza kuiba funguo za akaunti ya mwenye simu. Mtu akishazipata anaweza kuingia kwa jina lako na kumwandikia mhazini wa chama chenu akiomba mkopo wa dharura. Isitoshe, WhatsApp huzifungia kwa muda nambari za watu wanaotumia programu hizo za kuiga.

Kuna njia rahisi ya kutofautisha, nayo ingefaa kufundishwa darasani pamoja na Kiswahili na Hisabati. Kila programu ya simu za Android hutiwa saini ya kidijitali na mwenye kuitengeneza, mithili ya muhuri wa mwalimu mkuu. Toleo jipya likija, simu hulinganisha muhuri wake na ule wa toleo lililomo. Usipolingana, simu hukataa kuliweka juu ya la zamani. Ndiyo sababu kijana wa duka hukuambia ufute kwanza ile ya awali, au hukuwekea programu ya pili yenye jina lake la pembeni. Akikuambia hivyo, mwulize kwa nini.

Aidha, ndani ya WhatsApp kila mazungumzo ya watu wawili yana nambari ya usalama yenye tarakimu 60. Wawili hao wakikutana, tuseme sokoni Emali au katika mkutano wa walimu Mwingi, wanaweza kulinganisha simu zao na kuhakikisha kwamba hakuna mtu wa tatu aliyejipenyeza kati yao. Nambari hiyo hubadilika mwenzako anapopata simu mpya au anapoiweka programu upya, na ukipenda kuarifiwa unaweza kuiagiza simu ikuarifu. Nimeuliza walimu wasiopungua ishirini. Wawili walikuwa wakijua kwamba nambari hiyo ipo, na hakuna aliyewahi kuilinganisha. (Na hapa niongeze, ingawa ni nje kidogo ya mada: kundi lenye watu mia mbili halina siri. Ufumbaji humzuia mbebaji. Haumzuii mwanachama mwenye kidole chepesi.)

Serikali nayo ina sehemu yake katika kukosekana kwa imani. Wakati wa mitihani ya KCSE ya 2023 na ya 2024, Telegram ilivurugwa nchini ili kuzuia wauzaji wa karatasi za mtihani, ambazo mara nyingi zilikuwa bandia. Nia inaeleweka. Lakini mwananchi anayeona programu ikizimwa bila maelezo ya kutosha atauliza nini kingine kinaweza kufanywa kimya kimya. Vivyo hivyo mnamo 2017 Mahakama ya Juu iliagiza mitambo ya Tume ya Uchaguzi ifunguliwe ikaguliwe, na agizo hilo halikutekelezwa kikamilifu. Tarehe 1 Septemba uchaguzi wa urais ukabatilishwa. Mwaka 2022 Tume iliweka fomu 34A za vituo vyote wazi mtandaoni, na kijana yeyote mwenye kikokotoo aliweza kujumlisha mwenyewe. Mabishano hayakukosekana, lakini angalau kila mbishi alikuwa na karatasi ya kushika mkononi.

Tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na Kamishna wake. Tuna Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya pale Kwa Vonza chenye walimu na wanafunzi wa sayansi ya tarakilishi. Makueni ina vituo vya habari vya jamii ambako vijana hufunzwa kutumia mitambo hiyo. Sioni ni gharama gani kubwa ingezuia wanafunzi wa Kwa Vonza kuchukua kila toleo jipya la programu tano au sita ambazo walimu hutumia zaidi, wakachunguza muhuri wake, ruhusa linazoomba, na mabadiliko liliyoleta, kisha wakaandika ukurasa mmoja wa Kiswahili na wa Kikamba wa kubandikwa katika vyumba vya walimu kutoka Kyuso hadi Mtito Andei. Ukurasa wenye majina ya waliokagua. Uvumi wa tiki tatu hauna jina chini yake.

Hapo nilidhani nimekwisha kumjibu yule mwalimu wa Wote. Kabla ya kuandika makala haya nilimpigia simu, nikamweleza habari za 2019 na kasoro ile. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akacheka kidogo, akasema, "Mwandishi, uvumi ule nausikia na kusahau. Simu yangu imejaa. Picha za kazi za wanafunzi, stakabadhi za kupimwa utendakazi, fomu za Tume, zote zimo humu humu, katika simu niliyoinunua kwa pesa zangu. Toleo jipya linataka nafasi, na nafasi sina. Ningesema hivyo mbele ya vijana wale?"

Tume ya Kuajiri Walimu humtaka mwalimu ajaze tathmini yake mtandaoni na kutafuta hati yake ya mshahara mtandaoni. Sijasikia ikimuuliza kama simu yake ina nafasi ya kufuli mpya.